Ushahidi wa Gamba

Upande wa mashariki wa Kilimanjaro, si mbali sana na Moshi, liko Ziwa Chala, katika kinywa cha volkano, penye mpaka wa Tanzania na Kenya. Mwaka 2016 wataalamu walitoboa tope la chini yake, wakapata kumbukumbu ya miaka ipatayo 250,000. Tope halisemi; husemewa na wanaolisoma. Basi swali hili ni la adili kama lilivyo la elimu: mtu ana haki gani ya kumsemea shahidi asiyeweza kumkanusha?

Katika maziwa mengi ya Afrika Mashariki mmoja wa mashahidi hao ni ostrakodi, kiumbe wa ukoo wa kaa na kamba, aghalabu mdogo kuliko punje ya mtama. Huishi baina ya magamba mawili ya chokaa, mfano wa chaza. Akifa, mwili huoza, gamba hudumu. Aina moja hutaka maji matamu. Nyingine huvumilia chumvi ya ziwa linalokauka. Ajuaye majina yao aweza kusema wapi palikuwa na mvua na wapi palikuwa na ukame.

Walakini jina ndilo lenye mtego. Aliye hai hutambulishwa pia kwa miguu na viungo vyake laini. Mfu hana ila gamba. Katika Ziwa Tanganyika uchunguzi wa jeni umeonyesha kuwa waliodhaniwa aina moja kwa sura ya gamba walikuwa aina kadhaa. Tena ostrakodi hujivua gamba mara 8 kabla ya kupevuka, hata asiyetenga magamba machanga na makuu humhesabu shahidi mmoja kuwa tisa! Na vilindi vya Chala havina hewa: gamba likionekana huko, yafaa kwanza kuuliza kama mwenyewe aliishi hapo au aliporomoka kutoka ukingoni.

Haya yangekuwa mambo ya darubini tu, kama chini ya mlima pasingekuwa na watu. Wachagga wameteremsha maji kwa mifereji vizazi vingi, kwenye migomba na mibuni yao. Asemaye kuwa ukame ni wa tangu zamani huweza kumpa udhuru mkata msitu. Asemaye kuwa haukuwako kamwe huweza kumtwika mkulima lawama yote. Mwaka 2002 ilikadiriwa kwamba barafu ya kilele ingetoweka kati ya 2015 na 2020, hali ya hewa ikiendelea vile vile. Wengi walishika tarehe, wakaacha sharti. Barafu imepungua mno, lakini ipo, na wenye dhihaka wamepata la kusema.

Je, mtaalamu anyamaze? Huo nao ni woga, maana mkulima hatangoja hakika ndipo apande. Anachodaiwa ni kidogo, tena kigumu: aandike penye kijichupa chake, na aseme vivyo hivyo mbele ya baraza, kwamba gamba ni moja, ni changa, na aina yake haijathibitishwa.