Kupima Kabla ya Kuhukumu

Katika miaka ya 1980, nikiwa mwalimu kijana, nilimchapa mtoto mmoja kwa kusinzia darasani. Alikuwa na kifafa, na siku chache kabla yake dawa yake ilikuwa imeongezwa. Sikuuliza, nilimwita mvivu. Mama yake aliposikia, akaacha kumpa dawa ili asichapwe tena. Juma lile lile mtoto alianguka penye mafiga akaungua mkono.

Je, kosa lilikuwa la mama? Mimi nasema lilikuwa langu. Yeye alifuata hukumu yangu, nami nilihukumu bila kupima.

Dawa iitwayo fenobabito, aliyoitumia Daktari Louise Jilek-Aall kule Mahenge tangu karibu mwaka 1960, hutumika hata leo. Kipimo kikibadilishwa, hupita kama wiki mbili au tatu kabla kiasi cha dawa katika damu hakijatulia. Kikipungua, mtoto huanguka. Kikizidi, husinzia na kupepesuka. Tena mtoto hukua: kinachomtosha akiwa na kilo 12 huenda kisimtoshe akifika kilo 20. Mashine za kupima dawa katika damu ni chache nchini mwetu. Kwa hiyo hapa Rungwe kipimo chetu ni mizani ya zahanati, daftari la kuandika kila siku aliyoanguka, na macho ya wazazi, walimu na majirani.

Wengine huuliza: mtoto ameombewa, na miezi sita hajaanguka, kuendelea na dawa si kukosa imani? Mkumbukeni yule baba katika Mathayo 17. Alipomleta mwanawe kwa Bwana, aliweza kueleza jinsi anavyoanguka motoni na majini. Alikuwa amemwangalia mwanawe kwa makini, na imani haikumfumba macho. Kutoanguka kwaweza kuwa ni kazi ya dawa yenyewe. Kuiacha ni shauri la daktari, nayo hupunguzwa kidogo kidogo, kwa kawaida baada ya miaka miwili au zaidi bila kuanguka.

Basi, ukimwona mtoto anasinzia kanisani au shuleni, usimkemee. Muulize mama yake dawa ilibadilishwa lini, kisha msindikize zahanati. Kuombea mtoto na kuhesabu vidonge vyake ni upendo ule ule mmoja.