Dawa Isiyothibitishwa na Dhamana ya Mganga: Marburg mjini Kigali

Tarehe 27 Septemba 2024 Wizara ya Afya ya Rwanda ilitangaza mlipuko wa Marburg, yaani homa kali ya virusi vya ukoo mmoja na Ebola, isiyo na tiba iliyoidhinishwa, ambayo nchini Angola mwaka 2005 iliua karibu watu tisa katika kila kumi walioambukizwa. Wengi wa wagonjwa 66 waliothibitishwa walikuwa wahudumu wa afya, na miongoni mwa dawa walizotibiwa nazo ilikuwamo remdesivir, inayozuia virusi kuzaana mwilini na inayotiwa mshipani kwa dripu. Hapo ndipo lilipozuka swali zito la maadili: je, yajuzu kumtia mgonjwa mahututi dawa ambayo haijathibitika kutibu maradhi yake, na ambayo yenyewe yaweza kumdhuru?

Mapokeo ya Kikatoliki, yenye mizizi mirefu nchini Rwanda, hujibu kwa kanuni ya athari mbili, ambayo asili yake huhusishwa na mwanateolojia Thomas Aquinas: tendo jema laweza kutendwa ijapokuwa huleta dhara linalotazamiwa, mradi dhara hilo lisikusudiwe na lisizidi manufaa. Kanuni hiyo ni ya hekima, lakini humchukulia mtendaji kuwa anazijua athari zote mbili na anaweza kuzipima, ilhali mganga wa Kigali hakuwa na uhakika wa yoyote kati ya hizo.

Ugumu huo huonekana wazi katika ini. Remdesivir hujulikana kupandisha vimeng'enya vya ini, yaani kemikali zinazoongezeka katika damu seli za ini zinapoumia, na kwa sababu hiyo ini hupimwa kabla ya dripu ya kwanza na katika siku zinazofuata. Lakini Marburg nayo huliharibu ini lilo hilo, kiasi kwamba kipimo kikipanda, karatasi ya maabara haisemi aliyedhuru ni nani. Katika majaribio ya tiba za Ebola yaliyofanyika mashariki mwa Kongo mwaka 2018 na 2019, shinikizo la damu la mgonjwa mmoja lilishuka akiwa bado anapokea dozi ya kwanza ya remdesivir, kisha moyo wake ukasimama, na hata watafiti waliokuwapo hawakuweza kuitenga dawa na ugonjwa.

Mlipuko wa Rwanda ulipotangazwa kumalizika tarehe 20 Desemba 2024, waliofariki walikuwa 15, idadi ndogo mno kwa Marburg, na ni jambo la kumshukuru Mungu. Hata hivyo wagonjwa wengi wa mlipuko huo walipata pia kingamwili zilizotengenezwa maabara, uangalizi wa karibu, na baadhi yao mashine za kupumulia, hivyo kuipa remdesivir sifa yote ni kosa lile lile la kuitwika lawama yote. Katika hali ya namna hii uadilifu wa mganga haupimwi kwa nia njema peke yake, bali pia kwa uaminifu wa kuandika kila badiliko la ini, la moyo na la shinikizo la damu, maana mwili wa mgonjwa aliyeridhia dawa ya mashaka umebeba elimu ambayo mgonjwa atakayefuata anaidai. Na ridhaa hiyo, inapotolewa na muuguzi anayetetemeka kwa homa mbele ya daktari aliyemzoea kumtii kazini, haitoshi kuombwa mara moja. Sharti irudiwe kila homa inapopungua, na ndugu zake waelezwe waziwazi kinachojulikana na kisichojulikana, hata pale ambapo jibu la kweli ni kwamba chanzo cha kifo hakikuweza kutenganishwa.