Paka wa jangwani na mlango uliofungwa

Ramadhani, siku ya 12.

Wengi wenu hapa Maskati mmeshavuka mpaka wa Buraimi mkawapeleka watoto kwenye bustani ya wanyama ya Al Ain, ile iliyoanzishwa 1968. Mle kwenye Kituo cha Elimu ya Jangwa cha Sheikh Zayed kuna jangwa lililotengenezwa ndani ya jengo: mchanga, mawe, na paka wadogo wa jangwani. Watoto wanagonga kioo, sisi tunapiga picha, haraka tunaondoka.

Safari nyingine simama umtazame. Paka huyo ana kilo mbili au tatu tu. Chini ya nyayo ameota manyoya, mchanga wa moto usimuunguze. Porini mchana hujificha shimoni, usiku hutoka kuwinda panya na mijusi, na maji huyapata humo humo kwenye nyama anayokula, hata hupitisha wiki kadhaa bila kunywa. Subhanallah. Sisi saa kumi jioni tu tushaanza kuulizana adhana bado dakika ngapi!

Lakini huyu aliye nyuma ya kioo hana panya wa kuwinda. Ujuzi wote aliopewa na Mola wake haumfai kitu siku mtunzaji akisahau kuleta chakula. Aliyefunga mlango ndiye aliyebeba dhamana.

Mnaijua hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka, imo kwa Bukhari na Muslim. Hebu angalieni Mtume (s.a.w.) alivyolieleza kosa lake: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha atoke ajitafutie wadudu wa ardhini. Hakutajwa kumpiga. Alimfungia tu.

Sasa tuje majumbani kwetu. Yupo dada kutoka Tanga, au Mombasa, au Uganda. Viza yake iko kwa jina lako, hawezi kwenda kufanya kazi kwengine bila wewe. Pasipoti yake umeiweka kabatini, ati isipotee. Ndiye anayeamka wa mwanzo kutayarisha daku, na ukirudi tarawehe bado anaosha masufuria. Naye amefunga kama wewe.

Simfananishi binadamu na paka, hasha. Ila kama paka ana haki hiyo mbele ya Allah, mwanaadamu je?

Mshahara wake wa Shaaban umeshampa? Futari anakula pamoja nanyi, au anasubiri mkimaliza? Tumefundishwa kwamba mtumishi akikuletea chakula, kama humkalishi nawe basi walau umpe tonge, maana yeye ndiye aliyestahamili moto wake. Na ukiajiri mtu, akakumalizia kazi yako, ukamnyima ujira, siku ya Kiyama hasimu yako ni Allah mwenyewe.

Usiniambie mbona tumempa chumba cha kiyoyozi. Paka wa Al Ain naye anacho.

Basi leo, kabla ya adhana ya Maghrib: mshahara mkononi mwake, pasipoti mkononi mwake, na simu ampigie mama yake. Aliyelimbikiza deni la miezi na hajui aanzie wapi, aje kwa imamu baada ya tarawehe, tuzungumze faragha.