Maradhi ya Nafsi na Haki ya Tabibu



Katika maswali wanayouliza watu walioingia karibuni katika Jumuiya, na hata wale ambao wangali wakiichunguza dini ya Islam, limo moja ambalo aghalabu huulizwa kwa sauti ya chini. Nalo ni hili: Mwamini akipatwa na huzuni isiyomwondoka, au hofu asiyoijua sababu yake, akakosa usingizi na kuchoka na maisha, je, yafaa amwendee daktari wa akili au mshauri nasaha? Tena yafaa atoe fedha zake amlipe mtu ambaye pengine hampi hata kidonge kimoja, bali anazungumza naye tu? Je, sala hazimtoshi?

Swali hili si la kupuuzwa. Wako watu waliopoteza kazi, ndoa, na hata uhai wao, hali msaada ulikuwa karibu nao, kwa kuwa waliona haya kuutafuta au walidhani ni dhambi kuulipia. Basi na tulitazame kwa nuru ya Kurani Tukufu na mwenendo wa Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w., kisha tueleze njia ya kuanza.

Huzuni si dalili ya ukafiri

Kwanza yapasa ifahamike kwamba kuhuzunika si upungufu wa imani. Nabii Yakub a.s. alimlilia mwanawe Yusufu a.s. hata macho yake yakawa meupe kwa majonzi, kama tuelezwavyo katika Sura Yusuf (12:85). Naye alikuwa Nabii wa Mungu! Bibi Mariamu, aliposhikwa na uchungu wa uzazi hali yu peke yake, alitamani angalikuwa amekufa kabla ya hayo (19:24). Mwenyezi Mungu hakumkaripia. Alimpelekea kwanza neno la kumtuliza asihuzunike; akamwonyesha kijito cha maji chini yake; kisha akamwamuru alitikise shina la mtende ili tende zimwangukie, ale na anywe na macho yake yaburudike.

Mwenye akili na auzingatie utaratibu huo. Neno la faraja lilitangulia, maji na chakula vikafuata, na juu ya hayo yote yeye mwenyewe alitakiwa kunyosha mkono. Mwenyezi Mungu, Aliye na uwezo wa kuziangusha tende pasipo mkono wa mtu, alitaka mgonjwa ashiriki katika kupona kwake.

Pili, mwili na roho havikutenganishwa kwa ukuta. Masihi Aliyeahidiwa, Hadhrat Mirza Ghulam Ahmad a.s., katika hotuba yake mashuhuri iliyosomwa mjini Lahore mwezi Desemba 1896, alieleza kwa urefu kwamba hali za mwili huigusa roho na hali za roho huugusa mwili, na kwamba ubongo ukidhurika, kumbukumbu na fahamu za mtu huharibika. Ikiwa ni hivyo, basi anayemwambia mgonjwa wa sonona kwamba anachokosa ni imani tu ni kama anayemwambia mwenye mguu uliovunjika kwamba anachokosa ni nia ya kutembea.

Tatu, wako wanaosema kwamba maradhi haya ni majini yaliyompanda mtu kichwani, au ni laana ya mizimu kwa sababu ameiacha dini ya wazee wake. Mwahmadiyya mpya huyasikia maneno haya mara nyingi kutoka kwa jamaa zake, nayo humwumiza kuliko ugonjwa wenyewe. Ndugu yangu, usiyaogope. Islam haikufundisha kwamba viumbe visivyoonekana huwaingia watu na kusema kwa vinywa vyao, wala kwamba Mungu Mwenye rehema humwadhibu mtu kwa kuifuata haki. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 970, yaani mtu mmoja katika kila wanane, walikuwa na maradhi ya akili ya namna fulani. Wamo humo watu wa kila dini na wasio na dini. Je, wote hao wameiacha mizimu yao?

Ujira wa tabibu ni haki yake

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapa ndipo wengi husimama. Imesimuliwa katika Sahihi Bukhari kwamba Mtukufu Mtume s.a.w. aliumikwa na mtu aitwaye Abu Taiba, naye s.a.w. akaamuru apewe pishi ya tende, tena akawataka mabwana zake wampunguzie kodi waliyomtoza. Tazama basi! Yule ambaye dua zake zilikubaliwa mbinguni hakuona aibu kumwendea tabibu, wala hakumwacha aende mikono mitupu.

Huenda mtu akasema: Abu Taiba alifanya kazi ya mikono, bali mshauri huyu anasema tu. Jibu lake ni jepesi. Mwalimu naye husema tu, na wakili husema tu, lakini hakuna anayewanyima ujira wao. Mshauri aliyefunzwa amesoma kwa miaka namna ya kusikiliza, ya kuuliza, ya kuitambua hatari kabla haijafika, na ya kumfundisha mgonjwa kuyapima mawazo yake mwenyewe. Anakupa saa nzima ya wakati wake na amana ya kuitunza siri yako. Ni ajabu kwamba watu wale wale wanaoiona fedha hiyo kuwa hasara huuza mbuzi, na hata kipande cha shamba, wampelekee mpiga ramli, wala hawamwulizi amesomea wapi.

Mwingine atauliza: Je, mshauri akiwa si Mwislamu? Mtukufu Mtume s.a.w. alipohama Makka kwenda Madina alimwajiri kwa ujira kiongozi wa njia aliyekuwa angali katika dini ya Makureshi, kwa kuwa aliijua njia na alikuwa mwaminifu. Sifa mbili hizo, ujuzi na uaminifu, ndizo tunazotakiwa kuzitazama.

Waislamu wa zamani waliyafahamu haya vizuri. Abu Zaid al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi pamoja. Akapambanua kati ya huzuni yenye sababu ijulikanayo, kama msiba, na ile isiyo na sababu ya kuonekana. Akawalaumu matabibu walioshughulikia mwili na kuisahau nafsi. Na mjini Kairo, hospitali iliyojengwa na Sultani Qalawun mwaka 1284 iliwapokea hata wagonjwa wa akili, nao hawakutozwa kitu, kwa kuwa gharama zilitoka katika mali ya wakfu. Yaani tabibu alipata haki yake, na maskini alipata tiba yake. Aliyelipa ni umma.

Namna ya kuanza

Wengi hudhani kwamba mlango wa tiba hii ni hospitali kubwa tu, kama Mirembe ya Dodoma, Mathari ya Nairobi au Kidongo Chekundu ya Unguja, na jina hilo likitajwa hukimbia kwa kuogopa macho ya watu. Lakini mlango wa kwanza ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Mweleze mganga au muuguzi mambo manne kwa ufupi: unaloliona, limeanza lini, usingizi na chakula vikoje, na je, umewahi kufikiria kujidhuru. Usiseme kichwa kinauma tu ikiwa kinachouma ni moyo. Yeye atapima kwanza kama hakuna ugonjwa wa mwili unaoleta hali hiyo, kisha atakuandikia rufaa kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa penye wahudumu wa afya ya akili. Itunze barua hiyo, kwa sababu mara nyingi bima huidai.

Siku ya kwanza usitarajie kupona. Mshauri atauliza mengi juu ya nyumbani, kazi na maisha yako ya nyuma, nanyi mtakubaliana lengo. Kikao kwa kawaida huchukua muda wa saa moja au pungufu kidogo, mara moja kwa juma, na tiba nyingi za mazungumzo humalizika kati ya vikao sita na ishirini. Ukiona baada ya vikao vichache kwamba hampatani, si dhambi kuomba mwingine. Ukipewa dawa, usiziache kwa ghafula bila ya kumwambia daktari. Na mtu anayekuahidi kukuponya kwa siku moja, jihadhari naye.

Usidhani pia kwamba ni lazima msaada uwe wa gharama kubwa ndipo ufae. Mjini Harare, Zimbabwe, tangu mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wazee wa mtaani kuketi na wenye huzuni kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati, na kuwasaidia kutatua shida moja baada ya nyingine. Hatua ya kwanza waliiita kwa Kishona kuvhura pfungwa, maana yake kufungua mawazo. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016, uliohusu wagonjwa 573, ulionyesha kwamba waliohudumiwa na bibi hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Namna ya kulipa

Kabla ya kuanza, uliza wazi: kadi ni kiasi gani, kila kikao ni kiasi gani, na vinatarajiwa vikao vingapi. Kuuliza bei si utovu wa adabu. Ukiwa na bima, uliza kama inalipia vikao vya mazungumzo au dawa peke yake, na kama ni lazima upite kwanza kwenye kituo cha chini. Nchini Kenya bima ya taifa inasimamiwa na SHA tangu Oktoba 2024, na asiyejiandikisha hana la kudai. Basi ajiandikishe kabla hajaugua. Tanzania nayo ilitunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023.

Asiye na uwezo asirudi nyumbani kimya. Nchini Tanzania, tangu utaratibu wa kuchangia gharama ulipoanza mwaka 1993, uliwekwa pia msamaha kwa wasiojiweza. Katika hospitali ya serikali mwulize afisa wa ustawi wa jamii, nawe uende na barua ya serikali ya mtaa au ya kijiji inayoeleza hali yako. Kwa mshauri wa binafsi, sema kweli juu ya kipato chako. Wako wanaopunguza ada, na wako wanaokubali vikao kila baada ya majuma mawili badala ya kila juma. Ni bora kuanza kidogo na kudumu kuliko kukopa kwa riba ukaongeza hofu juu ya hofu.

Nanyi jamaa na marafiki, msiseme kwamba gharama hii ni ya mgonjwa peke yake. Tukichangia maziko kwa haraka, kwa nini tusichangie nauli ya aliye hai? Kurani Tukufu imewataja mafukara na maskini mwanzo kabisa katika wanaostahili sadaka (9:60), na mtu aliyenyimwa tiba kwa kukosa fedha ni mmoja wao. Ikiwa ni mwongofu mpya aliyetengwa na ukoo wake, basi wajibu wetu ni mara mbili, kwani hana baba wa kumsindikiza wala shangazi wa kumwuliza amelalaje. Msindikizeni, mngojeeni nje, wala msiitangaze siri yake msikitini.

Na ikiwa wewe usomaye unafikiria kujiua, usingoje juma lijalo wala mwisho wa mwezi. Mwambie leo hii mtu mmoja unayemwamini asikuache peke yako, nendeni pamoja hospitali yoyote iliyo karibu. Habari za fedha zitazungumzwa baadaye. Uhai wako ni amana ya Mungu, nao hauna bei.

Sala na tiba

Je, basi sala ina kazi gani? Kazi yake ni kubwa. Kurani Tukufu inatufunza kwamba mioyo hupata utulivu kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu (13:29). Lakini Mtukufu Mtume s.a.w. alimwamuru bedui amfunge ngamia wake ndipo amtegemee Mungu, na akafundisha kwamba Mungu hakuteremsha ugonjwa pasipo kuuteremshia dawa. Anayesali akakataa dawa amemwomba Mungu mlango, kisha akakataa kuingia alipofunguliwa. Na anayekunywa dawa akaacha sala amekishika chombo akamsahau Mwenye chombo. Mwahmadiyya wa kweli hushika vyote viwili. Huamka usiku akalia mbele ya Mola wake, na asubuhi huchukua kadi yake akaenda kliniki.

Ewe msomaji mpenzi, kama mzigo huu ni wako, au ni wa mtu wa nyumbani kwako, usilikunje gazeti hili ukangoja. Hatua ya leo yaweza kuwa ndogo mno: kumwambia mtu mmoja, au kuuliza bei mahali pamoja. Mtende hutikiswa na mkono dhaifu, lakini Mwenye kuziangusha tende si dhaifu.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wote, awape matabibu ujuzi na huruma, na atujaalie tuwe faraja kwa waliovunjika mioyo. Amin.