NJIA NYEMBAMBA KATI YA MAUA

Twamshukuru Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na twamsalia Mtume wake aliyeletwa kuwa rehema. Ama baada ya hayo, Qur'ani imetuamrisha tutembee katika ardhi tutazame, nasi wengi wetu tumeichukua amri hiyo kuwa ni ruhusa ya kustarehe tu. Lakini mwenye kutazama ana deni kwa kile anachokitazama, na kwa yule atakayekuja kukitazama baada yake. Twataka kulieleza deni hilo kwa mfano wa mlima mmoja ulio mbali nasi.

Huko Marekani, upande wa kaskazini-magharibi, kuna mto mkubwa uitwao Columbia. Watoka Kanada, na mwisho wake ni bahari ya Pasifiki. Kabla ya kufika baharini huipasua safu ya milima ya Cascade, na hapo pamefanyika korongo lenye urefu wa maili 80 hivi, ambalo kuta zake mahali pengine hufikia futi 4,000. Katika ukingo wa kaskazini, jimbo la Washington, umesimama mlima uitwao Dog Mountain, wenye kimo cha futi 2,948, yaani karibu mita 900. Njia yake huanzia kando ya barabara ya magari, karibu na mto, basi mwenye kwenda juu hana budi kuupanda takriban mlima wote.

Safari yenyewe si ndefu. Ni maili 3 hivi mpaka kileleni. Lakini katika maili hizo mtu hupanda futi 2,800. Magoti hutetemeka na pumzi hukatika. Baada ya mwendo mfupi njia hugawanyika, na kibao chamwambia msafiri kwamba moja ni ngumu zaidi na ya pili ni ngumu kidogo. Ya tatu iliyo nyepesi haipo. Kote huko chini ni msitu wenye kivuli, na kandokando yake kuna mmea ambao jani lake likigusa ngozi huiwasha na kuivimbisha.

Khalafu ghafula miti hukoma. Mwezi wa Mei, majira ya kuchipua yanapokuwa yamekolea, mteremko wote ulio juu ya korongo hugeuka manjano kwa ua kubwa la jamii ya alizeti, ambalo wenyeji huliita balsamroot. Kati yake huchanganyika maua ya buluu ya jamii ya kunde na mengine mekundu. Upepo mkali huvuma kutoka korongoni, na chini kabisa mto waonekana kama utepe. Baada ya majuma machache yote hukauka. Nani asiyeikumbuka hapo mithali ya Qur'ani juu ya maisha ya dunia, na mimea inayopendeza kisha ikanyauka na kupeperushwa?

Lakini ibra tunayoitaka leo ni nyingine. Ua hilo la manjano halikuja jana. Mmea wake hukaa miaka kadhaa kabla ya kuchanua mara ya kwanza, nao muda wote huo huteremsha mzizi mnene ndani ya ardhi, utafute maji ya kuuvusha kiangazi. Kazi hiyo ya miaka yaweza kuharibiwa na kiatu cha mtu mmoja aliyetoka njiani ili apigwe picha akiwa katikati ya maua. Ajaye nyuma yake huona majani yamelala, akadhani ndiyo njia. Wa tatu hufuata, udongo ukashindiliwa, mvua ikauchukua, na mahali pa maua pakawa jeraha la vumbi. Kila mmoja wao aliyapenda maua, wala hakuna aliyekusudia kuyaua. Wageni walipozidi, na magari yakawa hatari barabarani, wasimamizi wa msitu waliamuru mwaka 2018 kwamba siku za mwisho wa juma katika msimu wa maua, asiye na kibali asipande.

Na katika korongo hilo hilo, tarehe 2 Septemba 2017, kijana wa miaka 15 alirusha fataki moja msituni wakati wa ukavu. Moto ukala karibu eka 50,000, ukaruka na mto hadi ng'ambo ya pili. Mwaka uliofuata hakimu alimhukumu alipe zaidi ya dola milioni 36. Ni fedha ambazo kijana hawezi kuzimaliza kwa umri wake wote, na hata akizimaliza, haziwezi kuurudisha mti mmoja mzee.

Basi tazameni, ndugu zetu, ugumu wa mlima uko wapi. Si katika zile futi 2,800, kwani hizo hupandwa na kila mwenye miguu na subira. Ugumu uko kule juu, mtu amechoka, maua yamemzunguka, hapana anayemwona, na nafsi yamwambia: hatua moja tu. Katika Sura ya al-Balad imetajwa njia ya mlima mkali, nayo ikafasiriwa kuwa ni kumwacha huru mtumwa na kumlisha yatima na masikini siku ya njaa. Maana yake ni kuishinda nafsi kwa ajili ya mwingine. Naye Mtume, rehema na amani zimshukie, alitufundisha kuipa njia haki yake, na akahesabu kuondoa udhia njiani kuwa ni tawi la imani.

Sisi wa pwani hatuna mlima huo, lakini njia tunazo. Mmoja hujenga ngazi yake ndani ya kichochoro, jirani akamfuata, hata jeneza likipita hulazimika kupindwa. Mmoja hukata mkoko mchanga, mmoja hutupa taka ufukweni, na kila mmoja husema: changu ni kidogo. Hivyo vidogo ndivyo tutakavyowarithisha watoto wetu. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kupita katika ardhi yake bila ya kuidhulumu, Amin.