Kokoto na Mkondo

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa methali hii, mwenye kutafuta chanzo cha msiba na akitafute katika kasoro ndogo. Lakini wahenga hao hao walinena pia kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Baina ya kauli hizi mbili limo swali zito la maadili: utulivu unapovunjika, alaumiwe nani?

Kwenye Uwanda wa Juu wa Makonde, mchanga huyanywa maji ya mvua upesi. Ndiyo maana kwa vizazi vingi akina mama wa Newala waliteremka miteremko mikali kuyafuata maji bondeni. Lakini katika njia zilizoshindiliwa na nyayo, zishukazo kuelekea Masasi, maji hutiririka. Mvua ikiwa ya rasharasha, kokoto huyakunja kidogo, na hatua moja mbele yamekwisha kulisahau. Mvua ikishadidi, kokoto lile lile huzusha vurugu isiyotulia tena.

Mwaka 1883, mjini Manchester, Osborne Reynolds alipitisha uzi wa rangi katika maji ndani ya bomba la kioo. Mwendo ulipokuwa mdogo, uzi ulinyooka. Ulipozidi, ulivurugika ghafla. Iko kasi ambayo chini yake kila msukosuko hujifia wenyewe. Juu yake, maji yaliyotulizwa kwa uangalifu huweza kuendelea kunyooka, ila huo ni utulivu wa kuazima: hitilafu ndogo yatosha kuuvunja. Mwaka 1904 Ludwig Prandtl alionyesha umuhimu wa tabaka jembamba la maji au hewa liambaalo uso wa kitu. Mkwaruzo uliozama ndani kabisa ya tabaka hilo haudhuru. Kasi ikiongezeka, tabaka hukonda, na mkwaruzo uliokuwa si kitu huwa chanzo cha machafuko.

Mwishoni mwa Januari 2013, mjini Masasi, mzozo baina ya polisi na waendesha bodaboda uligeuka ghasia. Watu walikufa, majengo ya umma na nyumba za viongozi ziliteketezwa. Mwezi mmoja kabla, wananchi walikuwa wameandamana Mtwara kupinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Mzozo wa barabarani hutokea katika kila mji, na aghalabu huishia papo hapo. Asemaye kwamba chanzo ni pikipiki ameliona kokoto, hakuuona mkondo.

Je, basi kokoto halina hatia? La hasha. Maji hayana hiari, mtu anayo. Aliyeitia moto nyumba ya mwenzake hawezi kujificha nyuma ya manung'uniko ya mkoa mzima. Mkono ni wake. Lakini hukumu ya mkono haifuti deni la wale walioona mwendo ukizidi, wakaridhika kwa kuwa uso ulikuwa ungali laini. Amani inayotegemea kuokotwa kwa kila kokoto, yaani kunyamazishwa kwa kila msemaji, ni ile amani ya bomba la Reynolds.

Mkulima wa mteremkoni hulijua jambo hili bila bomba la kioo. Hafagii shamba lake likang'ara. Huacha nyasi, huinua matuta, ili maji yakwazwe yangali polepole.