Tezi, Tabia na Hukumu Zetu

Soma 1 Wafalme 19:1–16. 1 Wakorintho 12:21–26.

Mshiriki aliyekuwa mchangamfu anaanza kuchelewa ibadani. Anasinzia wakati wa lesoni, anasahau ahadi, anaongezeka uzito, anajifunika shali hata siku ya joto. Wengine wanasema amekuwa mvivu. Wengine wanasema amepoa kiroho. Huenda wote wanakosea. Dalili hizo zote zinaweza kuletwa na tezi ndogo iliyo mbele ya shingo, inapotoa homoni pungufu.

Basi tujiulize: ikiwa kiungo kidogo namna hiyo kinaweza kubadili mwenendo wa mtu, je, bado tunawajibika kwa matendo yetu?

Kwanza tuangalie mwili wenyewe. Mwaka 1902, huko London, William Bayliss na Ernest Starling walikata mishipa ya fahamu iliyofika kwenye sehemu ya utumbo wa mbwa, kisha wakatia asidi katika utumbo huo. Kongosho bado lilitoa maji yake ya kumeng'enya chakula. Kwa kuwa mishipa ya fahamu ilikuwa imekatwa, ujumbe ulikuwa umepita katika damu. Mwaka 1905 Starling alimwita mjumbe wa namna hiyo homoni, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kuchochea.

Tezi, basi, hazifanyi kazi peke yake. Unaposhtuka, ubongo hupeleka habari kwa mishipa ya fahamu hadi kwenye tezi zilizo juu ya figo. Tezi hizo humwaga adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, njia za hewa hupanuka, ini hutoa sukari, na misuli huwa tayari. Yote haya huanza kabla hujaamua lolote.

Hapa watu huanguka katika makosa mawili. La kwanza ni kuhesabu kila udhaifu kuwa dhambi. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake imeshuka mno anaweza kupayuka na kuyumba kama mlevi. Kumkemea ni kumdhulumu. Anahitaji msaada, na upesi. Vivyo hivyo, katika nyanda za juu ambako udongo una upungufu wa madini joto, mtoto ambaye mama yake aliyakosa wakati wa ujauzito anaweza kuwa mzito wa kujifunza. Viboko havitamwongezea akili. Chumvi yenye madini joto, ikitumiwa mapema na mama, ingeweza kumkinga.

Kosa la pili ni kusema, "Si mimi, ni homoni." Adrenalini huharakisha moyo, lakini haimchagulii mtu neno la kusema. Wawili wakichokozwa, mioyo yao hudunda vilevile. Mmoja hutukana, mwingine hutoka nje mpaka apoe. Tena ujumbe hupita pande zote mbili. Hofu tunayoilea na usingizi tunaojinyima bila sababu hubadili mwendo wa homoni zetu. Kwa hiyo mara nyingine tunasaidia kuijenga hali ile ile tunayoitoa kuwa udhuru.

Kipimo cha haki ni kwamba wajibu huenda sambamba na uwezo. Asiyejitambua hadaiwi sawa na mwenye akili timamu aliyekasirika. Lakini uwezo wa mwingine hatuuoni, maana hakuna atazamaye tezi za jirani yake. Kwa sababu hiyo, jirani tumdhanie mema kwanza, na sisi wenyewe tujihoji kwanza. Desturi yetu ni kinyume: tukikosa sisi, tunasingizia uchovu; akikosa mwenzetu, tunalaumu moyo wake.

Tazama jinsi Elia alivyotendewa. Alipolala chini ya mti akitamani kufa, hakukemewa. Alipewa mkate na maji, akaachwa alale tena, kisha akapewa chakula mara ya pili. Swali la Mungu lilimfikia baadaye, kule Horebu, na baada ya swali akapewa kazi. Mwili wake ulihurumiwa, wala wajibu wake haukufutwa.

Kumwombea mshiriki aliyedhoofika ni vema. Kumsindikiza hospitalini akapimwe damu pia ni vema, na jambo moja halipunguzi lingine. Kumwambia kwamba vidonge vya tezi ni upungufu wa imani ni kumtwika mzigo ambao Mungu hakumtwika.

Maswali ya Kujadiliana:

1. Ni nani katika kundi lenu ambaye mwenendo wake umebadilika hivi karibuni? Pasipo kumtaja jina, jadilini: nani atamtembelea, na atamuuliza nini kwanza?

2. Ni udhuru gani wa mwili unaoutumia mara kwa mara? Ni sehemu gani ya hali hiyo iliyo katika uwezo wako kuibadili juma hili?